Engaruka na Mto wa Mbu kwa siku moja, inawezekana?

MkaziNgarenaro: Wadau habari zenu. Mjomba anakuja Arusha na wanae watatu toka Dodoma, Serengeti hatuiwezi kwa bei zile, sasa nimewaza tuwapeleke Engaruka kwenye yale magofu asubuhi, mchana tule Mto wa Mbu tuzunguke kijijini kwenye migomba, jioni tuko nyumbani. Usafiri ni Noah yangu. Mwongozaji ni lazima au tunajizungukia tu? Alafu mjomba goti linamsumbua.

DerevaMstaafu: Siku moja inatosha ila mtoke saa kumi na moja alfajiri, mkichelewa jua la kule chini bondeni litawakaanga. Anzeni na Engaruka, Mto wa Mbu mtashukia mkirudi. Toka Mto wa Mbu kwenda juu Engaruka ni kama kilomita 60, vumbi, mawe, makorongo, mvua ikinyesha ndo usiseme. Noah? Utaiokota sampo (lile bakuli la oili chini ya injini) njiani.

BintiMonduli: Mwongozaji chukua aisee. Mara ya kwanza tulienda wenyewe, tumezunguka saa nzima juani tunaulizana magofu yako wapi kumbe tumesimama juu yake 😂 Waambie watoto kabisa wasitegemee maghorofa kama ya Kilwa, ni kuta fupi za mawe yaliyopangwa bila udongo bila saruji, kuna matuta ya makazi kwenye mteremko na chini yake mashamba ya zamani, zaidi ya hekta 2,000. Mara ya pili tukampata kijana wa palepale, akainama akafagia majani kwa mguu, tukaona mstari wa mawe unashuka, kumbe mfereji! Maji waliyakinga mtoni yanapotoka kwenye ukingo wa bonde, yakaingia shamba kwa shamba, maana mvua ya pale haitoshi kulima. Watu waliishi hapo kuanzia kama karne ya 15 hadi ya 18 wakahama, wengine wanasema ni ndugu wa Wairaqw, wengine Wasonjo, ubishi haujaisha. Na mpaka leo wanakijiji wanamwagilia kwa maji ya mto huohuo, ukiviona vitunguu na mahindi vimestawi pembeni ya yale mawe makavu ndo unaelewa.

Mzee_wa_Majengo: Naongezea, mwongozaji mpatie kijijini sio mjini. Sisi kampuni moja ilitutoza hela ndefu, dereva katushusha, kaegemeza kiti kalala. Ushuru wa kijiji lipa, dai risiti. Goti la mjomba lisikutishe, mifereji na mashamba viko tambarare, kupanda kwenye matuta waachie vijana. Mto wa Mbu wapitishe kwenye ndizi nyekundu na mbege (pombe ya ndizi), ila Noah ikitoka na wewe ulishaionja mbege usishike usukani.

MkaziNgarenaro: Asanteni sana wakuu. Shemeji ana Prado, ngoja nimpigie kabla hajalala, ila najua atasema mafuta juu yangu.