Kuba la Pantheon halina nondo, limesimamaje?

Mwanafunzi_Ujenzi:
Habari za humu wakuu. Tumefundishwa kwamba zege bila nondo (vyuma vinavyowekwa ndani yake) halifai kubeba paa pana. Sasa nasoma kuwa kuba (paa la duara kama bakuli lililofunikwa) la Pantheon, hekalu la kale kule Roma, upana mita 43.3, ni zege tupu, la enzi za Kaisari Hadrianus karne ya 2. Wenzetu walikuwa na siri gani?

FundiZege:
Karibu mdogo wangu. Nimemwaga zege miaka 22 na jengo hilo nalipenda mno. Ulichofundishwa ni kweli: zege likikandamizwa lina nguvu, likivutwa linakatika. Slabu bapa huvutwa upande wa chini, ndiyo maana tunaweka nondo. Kuba ni habari nyingine, sehemu yake ya juu inajikandamiza yenyewe.

Halafu angalia walivyolipunguzia uzito. Kwenye kitako unene ni kama mita 6, ukifika kwenye tundu lililoachwa wazi kileleni umebaki kama mita 1.2. Hata kokoto walibadilisha kadiri walivyopanda: chini mawe mazito, juu pumisi, lile jiwe la volkano lenye vitundu ambalo huelea majini. Na vile visanduku vya ndani, yaani mabonde ya mraba kwenye dari ya kuba, safu 5, kila safu 28, vinapungua ukubwa kuelekea juu. Maumbo hayo hutokana na mbao zinazofungwa kabla ya kumwaga zege. Mimi nimewahi kufunga mbao za ngazi ya mzunguko tu, nikatoka jasho. Huyo seremala wao namvulia kofia.

Saruji kama yetu hawakuwa nayo. Ni chokaa na majivu ya volkano, mchanganyiko unaoshika hata ndani ya maji ya bahari.

Mpenda_Historia:
Na halina ufa hata mmoja, karibu miaka 1,900!

FundiZege:
Hapana ndugu yangu, nyufa zipo. Zinaanzia chini ya kuba na kupanda juu, kwa sababu chini ndipo kuba linapotaka kutanuka. Unene wa kitako na kuta ndio unaolizuia.

Mwanafunzi_Ujenzi:
Kwa hiyo nondo zingesaidia hapo chini?

FundiZege:
Zingezuia nyufa, ndiyo. Lakini chuma kikipata unyevu kinashika kutu, kinavimba, kinapasua zege kutoka ndani. Nimebomoa nguzo za namna hiyo ambazo hazikufika hata miaka 40. Na tundu la Pantheon liko wazi, mvua inaingia mpaka sakafuni.

Mpenda_Historia:
Nimekubali kuhusu nyufa. Niongeze tu kwamba mwaka 609 liligeuzwa kanisa, kwa hiyo halikuachwa ukiwa likageuka machimbo ya mawe kama majengo mengine ya Roma.