Ulinganisho: kuchambua hisa kwa akili mnemba. Kumbukumbu yake, mtandao, au ripoti mkononi?

DaftariLaHisa
Wakuu, salaam. Kuna jambo linaulizwa nusunusu kila mara, naomba tulimalize hapa. Anayetaka kuchambua hisa kwa msaidizi wa akili mnemba, iwe ChatGPT, Claude au Gemini, ana njia tatu:

A. Anauliza tu, msaidizi anajibu kwa alichofundishwa.
B. Anamruhusu atafute mtandaoni.
C. Anapakia ripoti ya mwaka ya kampuni na kumtaka ajibu kutoka humo peke yake.

Ipi inafaa kwa kazi ipi, na kila moja inaharibikia wapi? Tutumie kampuni zilizoorodheshwa Marekani, maana ripoti zake ziko wazi bila malipo kwenye EDGAR, hifadhi ya nyaraka ya SEC, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa. Habari za "nunua hii, uza ile" tuziache.

Mizania
Mkuu, kwa maoni yangu C ni ya tarakimu, A ni ya kujifunza, B ni ya kujua kitu kinapatikana wapi.

A ina udhaifu wa msingi. Msaidizi hana daftari la mahesabu ya kampuni kichwani; anabashiri neno linalofuata kutokana na maandishi aliyosomeshwa. Ndiyo maana tarakimu ya kubuni hutoka kwa uhakika uleule wa tarakimu ya kweli. Mafunzo yake pia yana tarehe ya mwisho, na la baada ya hapo halijui.

Kinachomponza zaidi ni hisa zilizogawanywa. Amazon iligawa 20 kwa 1 Juni 2022, yaani kila hisa moja ikawa 20, Alphabet ikafanya vivyo hivyo Julai mwaka huohuo, Nvidia ikagawa 10 kwa 1 Juni 2024. Maandishi ya kabla yanataja faida kwa kila hisa ya zamani, ya baada yanataja mpya, naye amesoma yote. Bei ya leo ya Nvidia ikigawanywa kwa faida ya kabla ya mgawanyo, uwiano wa bei kwa faida unatoka mdogo mara 10, na hisa ghali inaonekana ya kuokota.

B inatibu tatizo la tarehe lakini inaleta lake. Msaidizi hukamata kwanza kilicho karibu: blogu, taarifa kwa vyombo vya habari, kurasa za takwimu zinazonakiliana. Humo faida "iliyorekebishwa", ambayo kampuni imeondoa gharama fulani kwa hiari yake, huchanganywa na faida rasmi ya vitabu vya mahesabu. Akikupa kiungo, kifungue. Hutokea ukurasa upo kweli, ila tarakimu aliyoitaja haimo.

Kikokotoo
Naunga mkono C, lakini kupakia faili siyo mwisho wa kazi. Chukueni 10-K, yaani ripoti ya mwaka, ya Apple ya mwaka wa fedha 2023. Juu ya taarifa ya mapato kuna mstari mdogo unaosema tarakimu ziko katika mamilioni ya dola, isipokuwa idadi ya hisa, ambayo iko katika maelfu. Faida halisi inasomeka 96,995. Hisa, pamoja na zile zinazoweza kuongezeka, zinasomeka 15,812,547. Anayegawanya kama zilivyo anapata 0.006. Jibu sahihi ni dola 6.13, na limechapwa palepale kwenye jedwali. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote, mwambie akunukulie mstari wa vipimo neno kwa neno.

Mfano huohuo una funzo zito zaidi. Mwaka 2022 faida ilikuwa 99,803 na hisa 16,325,819, sawa na dola 6.11 kwa hisa. Maana yake faida nzima ilishuka kwa karibu asilimia 2.8, huku faida kwa kila hisa ikipanda. Ukiuliza "je, faida ya Apple ilikua 2023?", ndiyo na hapana zote zina ushahidi, na msaidizi atafuata upande ambao swali lako limeelemea. Kiini ni kwamba kampuni ilitumia takribani dola bilioni 77.6 mwaka huo kununua hisa zake yenyewe. Kinachogawanywa kilipungua kidogo, wanaogawana wakapungua zaidi.

Swali bora ni hili: "Toa faida halisi, idadi ya hisa na faida kwa kila hisa kwa miaka miwili, kila moja na ukurasa wake, kisha eleza kwa nini haziendi pamoja."

Bi_Gawio
Kikokotoo kagusa penyewe. Niongeze namna ya kumpa msaidizi faili, kwa sababu hapo ndipo C inapofeli kimyakimya.

Pakua kutoka EDGAR yenyewe. 10-K ya mwaka ina taarifa za fedha zilizokaguliwa; 10-Q ya robo mwaka haijakaguliwa, usizichanganye bila kumwambia. Kisha usimtupie ripoti nzima. Mifumo mingi ikipewa faili refu huikata vipande na kusoma vile tu vinavyofanana na maneno ya swali lako, na hautaambiwa vipi viliachwa. Tenga sehemu ya 1A, yenye hatari za biashara, sehemu ya 7, menejimenti inapoeleza matokeo, na sehemu ya 8, yenye taarifa za fedha na maelezo yake. Kila moja ipate mazungumzo yake.

Maelekezo yawe makavu: "Tumia waraka huu tu. Kila tarakimu iwe na ukurasa na nukuu. Kama haimo, andika HAIMO." Neno hilo la mwisho usiliache. Asiyepewa ruhusa ya kusema hakuna, hutafuta cha kujazia.

Kisha pima. Jumla ya mali lazima ilingane na madeni ukijumlisha mtaji wa wanahisa. Isipolingana, kuna safu imesomwa vibaya. Angalia mabano pia. Kwenye mahesabu mabano ni hasi, na faili la picha iliyochanganuliwa huweza kuyapoteza, hasara ikageuka faida. Hesabu zenyewe zifanyike kwenye jedwali la Excel, siyo ndani ya maongezi.

DaftariLaHisa
Asanteni sana. Je, vipi wale wanaomjaribu kwa miaka ya nyuma? Wanamwambia "jifanye ni 2019, chagua hisa 10", wanaona kapatia, wanaamini atapatia na ya mbele.

Mizania
Jaribio hilo halipimi kitu, mkuu. Maandishi aliyosomeshwa yanaeleza yaliyotokea 2020, 2021 na kuendelea. Kumwambia ajifanye hajui hakumfutii. Ni sawa na mtihani ambao majibu yameshaonekana.

Hilo linagusa hata C. Jina kubwa likionekana, sifa alizozoea kusoma juu ya kampuni huingia kwenye uchambuzi. Futa jina, bidhaa na majina ya viongozi, weka "Kampuni X", miaka iwe Mwaka wa 1 hadi wa 5, kisha uliza. Rudia na jina likiwepo. Hukumu ikibadilika na tarakimu ni zilezile, tofauti hiyo imetokana na sifa, siyo mahesabu.

Uwiano
Wakuu, napingana na Mizania kwenye A ya kujifunza. Anayejifunza bila waraka anaishia na tafsiri za maneno: anajua mtiririko wa fedha ni nini, ila akiwekewa taarifa yenyewe haoni mstari. Afadhali ajifunze na ripoti wazi mbele yake tangu siku ya kwanza.

Tena zipo tarakimu sahihi zinazopotosha. Berkshire Hathaway, kampuni inayomiliki biashara nyingi pamoja na hisa za kampuni nyingine, mwaka 2022 iliandika hasara halisi ya karibu dola bilioni 22.8, wakati faida ya uendeshaji, yaani ya biashara zenyewe, ilikuwa karibu bilioni 30.8. Tangu 2018 kanuni za mahesabu za Marekani zinataka kupanda na kushuka kwa thamani ya hisa inazomiliki kampuni kupite kwenye faida halisi, hata kama hazijauzwa. Msaidizi akisoma mstari wa mwisho tu atakuambia biashara inaporomoka, na ukurasa atautaja sawasawa.

Mizania
Hoja yako nzito, naikubali kwa taarifa za fedha. Ila dhana za jumla bado A inazifundisha vizuri, mradi mwanafunzi ndiye afanye hesabu. Mfano ada: 10,000 zikikua asilimia 7 kwa mwaka kwa miaka 30. Mfuko wa uwekezaji unaotoza asilimia 0.1 kwa mwaka unakuachia kama 74,000, unaotoza 1 kama 57,400. Kokotoa mwenyewe kwanza, ndipo umwombe akuoneshe ulipokosea. Akikupa jibu mapema, kichwani hakibaki kitu.

Bi_Gawio
Kwa wanaoanza: namba za akaunti, nywila na kitambulisho visiingie kwenye maongezi hayo. Na anayekuuzia roboti ya akili mnemba yenye faida ya uhakika, mkimbie. Januari 2024 SEC, pamoja na FINRA (chombo kinachosimamia madalali wa hisa Marekani) na NASAA (umoja wa wasimamizi wa masoko wa majimbo), walitoa tahadhari kwa wawekezaji juu ya utapeli wa namna hiyo.

DaftariLaHisa
Nimeelewa. Swali la mwisho: Apple 2023 ileile, kwa mamilioni ya dola, fedha zilizoingia kutokana na uendeshaji ni 110,543 na matumizi ya mtaji, yaani fedha za kununulia mali za kudumu, 10,959, zinabaki 99,584. Mbona zinazidi faida halisi ya 96,995?

Kikokotoo
Muulize hivyohivyo, lakini mbane kwenye mistari iliyo chini ya faida halisi ndani ya taarifa ya mtiririko wa fedha. Utaona uchakavu 11,519 na malipo ya wafanyakazi kwa hisa 10,833. Vyote ni gharama zilizopunguza faida bila fedha kutoka, ndiyo maana vimerudishwa. Uchakavu umekwishafidiwa na matumizi ya mtaji uliyotoa. Malipo ya hisa hayajafidiwa na chochote, na mwenye hisa ndiye anayeyabeba. Yatoe, ubaki na 88,751, kisha fanya hivyohivyo kwa 2022 na 2021 kabla hujaiweka kampuni yoyote pembeni yake.