Jina lile lile, nguo siyo ile: kampuni zimetuangusha au tumejiangusha?

Mkazi wa Nyakato
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito. Nilinunua jinzi mpya dukani hapa mjini Mwanza, ya jina tuliloliamini tangu tukiwa shule, na bei yake si ya kitoto. Mvua za vuli hazijakata imechanika pajani. Si mshono uliofumuka, kitambaa chenyewe kimeachia. Nyumbani ninayo nyingine ya jina hilo hilo niliyoichukua mtumba soko la Mlango Mmoja miaka hiyo. Nimeilimia, nimeivalia kwenye pikipiki, imepauka magoti basi. Lebo ni ile ile. Je, kampuni zenyewe zimeshusha ubora, tunaletewa feki, au sisi ndio tumezoea kupokea chochote? Maana viatu ni hivyo hivyo, pasi ni hivyo hivyo.

Kijana wa Buhongwa
Umepigwa feki, kaka. Orijino hazifiki huku. Na hiyo ya Mlango Mmoja usiisifu sana, mitumba ni taka za Wazungu, tunavaa walichotupa.

Mama Belo
Taka? Mdogo wangu, nina watoto wamesoma mpaka chuo kwa hizo taka. Wewe mwenyewe sare yako ya kwanza huenda mama yako aliichagua kwenye fungu la mtu kama mimi. Uombe radhi.

Na nikwambie usichokijua. Sisi tunaofungua belo, yaani robota za mitumba, ndio tuliouona mwanzo wa huu ubovu, kabla yenu nyie wa madukani. Zamani ukikata kamba za belo la suruali za wanaume, za kutupa zilikuwa chache. Siku hizi unakuta fulana ukiinyanyua juani unahesabu vidole vyako upande wa pili. Imevaliwa mara mbili huko kwao, imekuja imeshakwisha, na jina kubwa limeandikwa kifuani. Belo limepanda bei, kinachouzika ndani yake kimepungua. Atakayeita taka akamwite aliyeishona.

Mzee wa Igogo
Wanangu, hamjambo. Mnalaumu duka na mtumba, lakini hamjauliza jina ni la nani siku hizi. Jina linakodishwa. Simu za Nokia mwaka 2016 ziliingia mikononi mwa HMD, kampuni nyingine, kwa mkataba wa kutumia jina. Televisheni za Philips zinatengenezwa na kampuni ya TP Vision tangu 2012, Philips yenyewe imeshatoka kwenye biashara hiyo. Sisi hapa tunaona nembo tunakumbuka redio ya baba iliyokaa kabatini miaka yote ikikamata Radio Tanzania (RTD) bila kukwaruza. Raleigh nayo, ile baiskeli aliyokuwa akipanda bwana shamba na mwalimu mkuu, kiwanda chake cha Nottingham kilifungwa 2002.

Na kudumu kwa kitu kuliwahi kuonwa kuwa hasara kwa mwenye kiwanda. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani walikutana Geneva wakaunda umoja, wakakubaliana balbu isivuke saa 1,000. Kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kuliko hapo kilitozwa faini.

Kijana wa Buhongwa
Shikamoo mzee. Balbu za 1924 zinahusiana vipi na jinzi? Na Mama Belo, mimi sikukutukana wewe, nimesema bidhaa.

Mama Belo
Bidhaa ndiyo kazi yangu. Ukiitukana umenitukana.

Fundi wa Makoroboi
Naomba niseme kama mtu anayefumua nguo kila siku, maana nguo inayofumuliwa haifichi kitu.

Leta suruali ya zamani ya kitambaa, geuza nyuma kiunoni. Utakuta kitambaa cha akiba, mteja akinenepa namfungulia. Leta mpya ya jina hilo hilo: overloki, ile mashine inayokata na kuziba ukingo, imekata hadi ukingoni mwa mshono. Akinenepa hakuna cha kufungua, akiinama kwa nguvu panaachia. Upande wa mguu zamani jinzi ilikunjwa, pande mbili zinaingiliana, halafu zinapita mistari miwili ya uzi mnene. Sasa nyingi ni overloki na mstari mmoja. Mishono nayo imekuwa mirefu. Mshono mrefu unamaliza nguo haraka mashineni na unakula uzi kidogo, faida iko hapo.

Kitambaa sasa. Jinzi ya zamani ilikuwa pamba tupu, nzito, ngumu mpaka uizoee. Sasa wanachanganya spandeksi ili ivutike. Spandeksi haipatani na maji ya moto, pasi kali wala jua letu la mchana. Ikikatikakatika ndani, kitambaa kinalegea, halafu pajani panaposuguana panakwisha. Ndugu wa Nyakato, hicho ndicho kilichokupata, na kinaweza kuipata hata orijino. Na ukiona fulana mpya imeota vipele baada ya kufuliwa, ujue uzi wake umesokotwa kwa nyuzi fupi za pamba, ncha zinajitokeza zinajiviringa.

Kwa hiyo mimi nasema zimeshusha, na zinajua. Wanapunguza nusu sentimita hapa, uzi hapa, uzito wa kitambaa pale, lebo wanaiacha vile vile. Nani hapa anasoma karatasi ndogo ya ndani kabla ya kulipa?

Dada wa Kirumba
Asante fundi, ila mafundi nanyi mjitazame. Mimi gauni la kitenge limeshonwa hapa hapa mjini, zipu imekufa siku ya sherehe. Tusiseme viwanda tu.

Fundi wa Makoroboi
Dada yangu, zipu ulileta wewe au alinunua fundi? Wateja wengi wanaleta ya bei ya chini kabisa halafu lawama inakuja kwangu. Nikisema niweke imara wananiambia nawaibia.

Dada wa Kirumba
Nilimpa hela ya zipu nzuri. Ndiyo maana inaniuma.

Mzee wa Igogo
Turudi nyumbani. Tulikuwa na viwanda vya nguo: Mwatex hapa, Mutex pale Musoma, Urafiki kule Dar, iliyofunguliwa 1968. Khanga ile ulifua, ukaanika, ukabebea mtoto, ukaikuta bado khanga. Hizi za sasa zinashikwa na wanga: dukani ngumu kama karatasi, ukiziloweka beseni linakuwa jeupe, unachokitoa majini ni chachi. Pamba ya nchi hii karibu yote inatoka huku Kanda ya Ziwa, na sehemu kubwa inasafirishwa ikiwa imechambuliwa tu. Tunavaa polista, pamba yetu inapita bandarini.

Kijana wa Buhongwa
Mzee, kwa heshima, nani ataitaka hiyo pamba? Wakulima wenyewe wanaitia maji na mchanga ili iongeze uzito kwenye mizani. Ubora umeanza kufia shambani. Mnamlaumu Mzungu bure.

Binti wa Magu
Hapo umenigusa, na sitanyamaza. Mimi nimekulia kwenye pamba. Unajua kuchuma pamba wewe? Vikonyo vinachana vidole, mgongo umeinama tangu asubuhi, mama anatenga pamba safi huku, fifi, yaani ya daraja la chini, kule, kwenye kanga mbili tofauti. Usiku tunatoa majani makavu moja moja. Halafu mtu wa mjini anatuita wachafuzi.

Kijana wa Buhongwa
Sijasema wote. Lakini mchanga upo, wenye vinu vya kuchambua pamba wanaulalamikia kila msimu.

Mwanaharakati wa Mkolani
Mnapoteza muda. Dawa ni kupiga marufuku mitumba viwanda vifufuke. Viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana 2016.

Mama Belo
Na yakaishia wapi? Rwanda walipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo, Marekani 2018 ikawaondolea kwenye nguo nafuu ya AGOA, ule mpango wa kuuza Marekani bila ushuru. Wengine wakarudi nyuma. Halafu niambie, mkinifungia kibanda, Mwatex itafunguka kesho yake? Itakayojaa ni hii mipya ya polista inayochanika.

Fundi wa Makoroboi
Naona tumeshafika Kigali. Swali langu halijajibiwa: nani anasoma karatasi ya ndani kabla ya kulipa? Na kwa nini duka halikubali kurudishiwa suruali iliyochanika msimu huo huo?

Mzee wa Igogo
Binti wa Magu yuko sahihi, na kijana hana umri wa kukumbuka. Wakati wa chama cha ushirika karani alitazama pamba yako kabla ya mizani. Safi ilikuwa na bei yake, fifi ina bei yake, chafu ulirudi nayo nyumbani.

Kijana wa Buhongwa
Basi wangeendelea hivyo. Nani aliwakataza?

Binti wa Magu
Wanunuzi. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi miaka ya tisini, kila mmoja akawa anakimbilia kujaza lori kabla ya mwenzake. Wakanunua zote kwa bei moja, safi na fifi gunia moja. Mama aliyekesha anatenga akalipwa sawa na jirani aliyezoa mpaka majani. Msimu wa pili unadhani alitenga tena? Kisha mizani ya mnunuzi nayo ikawa inapunja, watu wakaona wakipunjwa kilo wazirudishe kwa mchanga. Sitetei mchanga. Nakwambia mlipaji ndiye aliyefuta tofauti ya safi na chafu, na mwenye kiwanda cha jinzi kafanya hivyo hivyo alipoona tunanunua jina. Sasa wewe wa Buhongwa, umesema ubora umefia shambani: taja mnunuzi mmoja msimu uliopita aliyelipa zaidi kwa pamba safi. Nasubiri.