Naomba ushauri: kwenye wiki ya motifu, mfano upi ubaki na upi ufutwe?

Mlinda Kurasa
Wakuu, habari zenu. Nachangia kwenye wiki inayokusanya motifu za hadithi, zile mbinu ambazo ukikutana nazo unasema "hii nimeshaiona mahali". Kila motifu ina ukurasa wake, maelezo juu na mifano chini, na yeyote anaruhusiwa kuhariri. Hapo kwenye "yeyote" ndipo penye kasheshe.

Wiki iliyopita (ya siku saba, si hii ya kuhariri) niliingia ukurasa wa Bunduki ya Chekhov. Kwa asiyeijua, mwaka 1889 Anton Chekhov, mwandishi wa Kirusi, aliandika kwenye barua kwamba haifai kuweka jukwaani bunduki yenye risasi kama hakuna anayekusudia kuifyatua. Siku hizi jina hilo linatumika pale kitu kinapoonyeshwa mapema kama hakina maana, halafu mbele ya safari ndicho kinachoamua kisa. Nikakuta mifano zaidi ya mia, na mingi iko hivi, neno kwa neno:

"Ufunguo wa bibi."
"Karibu kila kitu kwenye msimu wa 3."
"Kisu. Ukisoma utaelewa."
"Ile saa nayo si inahesabika?"

Nikafuta arobaini na kitu. Asubuhi yote imerudishwa, na ujumbe juu yake: "Wewe nani wa kutuamulia?" Nimekosa jibu, maana kweli, mimi nani? Nyie mnatumia kipimo gani? Nawasilisha.

Kalamu Nyekundu
Mkuu, kufuta si kosa. Kosa ni kufuta arobaini kwa mpigo bila kuacha hata neno la sababu. Mimi pia ningerudisha.

Huo ufunguo wa bibi huenda ndio mfano mzuri kuliko yote hapo, ila aliyeuandika kisa kakibakiza kichwani mwake. Mimi huwa najiuliza: mtu ambaye hajaisoma kazi hiyo, akipita kwenye mstari huu ataiona motifu ikifanya kazi? Kwa bunduki nataka nijue kitu kilipitaje mbele ya macho mara ya kwanza bila kushtua, na kilifyatukaje baadaye. Nusu moja ikikosekana, mfano haujakamilika. Na mfano usiokamilika si sawa na mfano wa uongo. Usiokamilika uufiche ndani ya alama za maoni, usomeke na wahariri tu, na uandike pembeni kinachokosekana. Wa uongo ndio wa kufuta.

Mzee wa Ngano
Hapo kwenye uongo ndipo nilipoacha meno. Kulikuwa na ukurasa wa wanyonya damu wanaouawa na jua, na mfano wa kwanza kabisa ulikuwa riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, 1897. Nikaufuta, ukarudi, nikaufuta tena. Kwenye riwaya huyo Dracula, mnyonya damu mwenyewe, anaonekana mtaani London mchana kweupe. Mwanga wa jua unambana uwezo wake, haumuui. Anayekufa kwa jua ni mnyonya damu Orlok, kwenye Nosferatu, filamu bubu ya Kijerumani ya 1922 iliyochota kisa cha Stoker bila ruhusa. Watu wameona sinema, wakaisingizia riwaya.

Tulibishana siku tatu. Siku ya tatu mwenzangu akakiri hajawahi kuisoma. Na mimi, kwa kuwa tunasema ukweli hapa, niliimaliza wiki hiyohiyo ili nimshinde.

Haraka Haraka
Mnaua raha sasa. Hizi kurasa ni kijiwe, si mtihani wa fasihi. Mtu aandike alichokumbuka, mwingine atamalizia.

Dada Sadfa
@Haraka Haraka kaka, huyo "mwingine" tumemsubiri sana, hajatokea. Nani amalizie "ukisoma utaelewa" wakati hata jina la kitabu halipo?

Mleta mada, chunga sana mifano inayoanza na "imepinduliwa". Utakuta mtu kaandika: "Imepinduliwa: kuna bastola ukutani lakini haikufyatuliwa." Hiyo ni samani! Ili motifu ipinduliwe, mwandishi lazima kwanza anitie hamu. Kamera igande juu ya bastola, mhusika aulize kama ina risasi, mtoto akatazwe kuigusa. Halafu mwishoni mahasimu wapatane kwa maneno na bastola ibaki palepale ukutani. Hapo nimechezewa, na mfano una haki ya kukaa. Kama hakuna aliyeniahidi kitu, hakuna kilichopinduliwa.

Na hadithi ambayo bado inaendelea kutoka sura kwa sura, subiri. Kitu kilichoonyeshwa jana hakijawa bunduki, hayo ni makisio yako.

Kalamu Nyekundu
Naongezea moja tu, majibizano ndani ya mfano. Mtu anaandika vizuri, chini yake anakuja wa pili: "Lakini kumbuka alikuwa na ufunguo mwingine." Wa tatu: "Hapana, ule ulipotea." Msomaji anabaki kama kaingia sebuleni kwa watu wanaogombana. Aliye sahihi aurekebishe mfano wenyewe, mengine yaende ukurasa wa majadiliano. Raha ya kijiwe iko huko, Haraka.

Haraka Haraka
Sawa, hapo mmenibana. Ila saa nayo inahesabika, nimeisoma hiyo.

Dada Sadfa
Basi iandike!

Mlinda Kurasa
Wakuu, nashukuru. Nimeificha ile arobaini badala ya kuifuta, na kila mmoja nimeuandikia kinachokosekana. Nikamwomba radhi aliyenirudishia. Kumbe ndiye mwenye ufunguo wa bibi! Katuma huu:

"Sura ya 2, bibi anampa mjukuu ufunguo uliooza kutu auvae shingoni, akisema hakumbuki ni wa nini. Sura nzima mtoto anautumia kuchorea mistari mchangani. Sura ya 19, maji yakiwa yamefika kifuani, ndio unaofungua kufuli la dirisha la ghala, nadhani."

Mnauonaje?

Kalamu Nyekundu
Safi sana, huo mchanga umeniuzia kitabu. Ila hilo "nadhani" litoke. Mwambie arudi sura ya 19 aangalie.

Mlinda Kurasa
Karudi. Ni mlango, si dirisha.