Kufa na tai shingoni: tulaumu uanaume wetu au tulaumu hospitali?

Kijana wa Mbagala
Wakuu, salaam. Saratani ya tezi dume ndiyo inaongoza kwa wanaume katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, yetu ikiwemo, na madaktari kila siku wanalalamika kwamba tunafika wakati imeshaingia kwenye mifupa. Presha ni hivyo hivyo, mtu anagundua siku ameanguka. Kifua kikuu, wanaume ndio wengi. Kwenye VVU ilibidi mwaka 2018 ianzishwe kampeni nzima ya Furaha Yangu kuwalenga wanaume, maana tulishazoea kupima kwa mgongo wa mke: yeye akiwa salama na mimi niko salama. Tunajisifu kwamba mwanaume ni kujikaza. Mimi nasema huko kujikaza ndiko kunakotuzika. Pendekezo langu: ukifika miaka 45, ukienda kuhuisha leseni au bima, uonyeshe kwamba umepima presha, sukari na tezi dume. Iwe lazima. Mnasemaje?

Mtoto wa Tarime
Lazima kwa amri ya nani? Nina miaka 47, nalima, nabeba gunia la mahindi peke yangu. Leo nikahuishe leseni, mtu avae glavu aniambie nilale ubavu nikunje magoti? Sisi tulisimama mbele ya ngariba alfajiri, bila ganzi, na jicho halikupepesa. Nyie mliotahiriwa wodini mkiwa na wiki mbili ndio kila kikohozi mnakimbilia daktari, halafu mnataka na sisi tuwe hivyo.

Kijana wa Mbagala
Nani amekwambia nilitahiriwa wodini? Nimechezwa jando Masasi, nikakaa porini na wenzangu na kungwi. Usitake kutugeuza watoto wa watu hapa. Ujasiri wa asubuhi moja ukiwa kijana una uhusiano gani na kukojoa kwa shida ukiwa na miaka 60?

Nesi wa Zamu
Kaka zangu, kabla hamjafika mbali. Mwanamke anaizoea hospitali tangu mimba ya kwanza. Kliniki anapimwa presha, damu, mkojo, VVU, na akishajifungua anarudi na mtoto mwezi hadi mwezi. Mwanaume mara ya mwisho alibebwa mgongoni kwenda chanjo ya surua, na baada ya hapo hakuna mlango unaomhusu mpaka augue. Akimsindikiza mkewe, tunamwacha kwenye benchi la nje. Tunafungua saa ambazo fundi na bodaboda ndio wanatafuta hela ya siku, na foleni inakula mchana wote. Tumejenga huduma ambayo mwanaume anaingia akiwa mgonjwa tu, halafu tunashangaa anakuja akiwa mgonjwa. Huo ndio mjadala ninaoutaka.
Na kwa Mtoto wa Tarime: PSA, kipimo cha tezi dume, ni cha damu, inachukuliwa mkononi. Kidole daktari anakitumia inapohitajika, na hakimalizi hata dakika.

Baharia wa Tanga
Nesi, hapo kwenye "hakimalizi dakika" ndipo mnapotukosa. Nyie mnahesabu muda, mwanaume anahesabu heshima. Binti wa umri wa mwanangu anaita jina langu kwa sauti koridoni, "mzee wa tezi dume pita hapa", watu wote wanageuka. Mimi nilitoka nikaenda zangu. Sijarudi.

Nesi wa Zamu
Aliyekuita vile amekosa, na haikupaswa kutokea kwa mgonjwa yeyote. Lakini rudi, mzee wangu. Unaweza kuomba daktari wa kiume.

Mtoto wa Tarime
Daktari wa kiume ndiyo mbaya zaidi!

Lori Tani Thelathini
Mnabishana bure. Kikwete alikuwa Amiri Jeshi Mkuu na alipimwa akakutwa na saratani hii, akaenda India kama sikosei, mwaka 2013 hivi, na akarudi akaendelea kuongoza nchi. Kuna mtu alimwambia si mwanaume?

Mwalimu Mstaafu
Haikuwa India. Ilikuwa Novemba 2014, hospitali ya Johns Hopkins kule Marekani. Ikulu ilitangaza akiwa bado huko kwamba amefanyiwa upasuaji wa tezi dume. Mimi nilikuwa bado nafundisha, na wiki ile ofisini kwetu wanaume tulizungumza jambo hilo waziwazi kwa mara ya kwanza. Nasema kwa heshima yote, tangazo lile liliwasaidia wanaume wa nchi hii kuliko mabango mengi. Linganisheni na aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin. Januari 2024 alilazwa kwa matatizo yaliyotokana na matibabu ya saratani hiyo hiyo, na Rais wake hakujua kuwa ana saratani hadi siku kadhaa baadaye. Jenerali wa nyota nne, ana madaktari wa jeshi zima, na bado alificha. Kwa hiyo wanaodai ni suala la hela na foleni tu, watueleze huyo alikosa nini.

Chifu Kilosa
Mwalimu, shikamoo. Umegusa penyewe lakini hukumalizia. Alificha kwa sababu mwanaume akiugua anashuka cheo. Tuseme ukweli leo: wanaotufanya tufiche ni wanawake. Ukiwa mzima unaitwa baba fulani, ukiugua miezi miwili unaitwa "huyu". Chakula kinakuja kimepoa, simu inapokelewa nje. Kuna mwanaume gani atakwenda kutafuta ugonjwa ili aishi hivyo?

Mama Kulwa
Chifu, futa kauli yako. Nimemuuguza mume wangu, nimembadilisha mpira wa mkojo kwa mikono hii, nimelala chini ya kitanda cha wodi na kanga moja. Unajua kilichonichosha? Si ugonjwa. Ni kwamba alijua kwa muda mrefu sana anaamka kukojoa mara nne, mara tano, na hakuniambia. Akawa ananunua dawa za mitishamba stendi, akisema ni za mgongo. Siku mkojo ulipoziba kabisa ndipo nikajua, saa nane usiku, tunatafuta bajaji. Nyie mnaficha, halafu mkizidiwa mnatuletea ugonjwa mzima mikononi, na bado mnasema sisi ndio tunawashusha cheo.

Chifu Kilosa
Sikukusema wewe, dada. Nimesema wengi.

Mama Kulwa
Wengi hao wana majina na wana wanaume waliowauguza. Nenda wodi yoyote ya wanaume saa ya kuona wagonjwa uhesabu vikapu vya chakula vimeletwa na nani.

Baharia wa Tanga
Mama Kulwa pole sana. Chifu mwache, kila mtu anaongea kwa kilichomkuta.

Fundi Bati
Nami niseme, maana naona hapa wengi mnazungumzia kupima kana kwamba ukishapima yameisha. Baba yangu alipima. Alikutwa nayo ikiwa imeshasambaa, mgongo unamuuma hadi anatambaa. Daktari wa hospitali ya rufaa akatueleza vizuri kabisa: saratani hii inalishwa na homoni za kiume, kwa hiyo inabidi homoni zizuiwe. Njia ni mbili. Sindano, ambazo unachoma kila baada ya mwezi au miezi mitatu maisha yote na bei yake si ya mkulima, au upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, mara moja basi. Baba aliniangalia akasema, "Mwanangu, nizikwe mzima." Tukakaa kikao cha ukoo. Baba mdogo akasema hatuwezi kumzika kaka yetu akiwa amehasiwa. Tukauza shamba, tukanunua sindano, hela ikaisha, zikakatika. Katikati ya maumivu alikuja kukubali upasuaji mwenyewe, na maumivu yalipungua ndani ya siku chache, akala, akakaa kibarazani. Lakini miguu ilikuwa imeshapooza, haikurudi. Sasa Mtoto wa Tarime unaniambia habari ya kidole.

Mtoto wa Tarime
Pole sana kwa mzee, Fundi. Hapo sina neno.
Ila mimi nilikuwa napinga kulazimishwa, sikusema mtu asitibiwe.

Daktari wa Wilaya
Fundi Bati ameeleza vizuri kuliko wengi wetu tunavyoeleza kliniki. Njia hiyo ya kuondoa homoni imejulikana tangu mwaka 1941, utafiti wa Charles Huggins, na mwaka 1966 alipewa Nobeli kwa kazi hiyo. Nimeona wazee wengi wakiikataa, na karibu wote wanakataa kikaoni, si mbele yangu. Wanaoamua ni kaka zao. Siku hizi naomba kaka aje naye, nimweleze yeye pia, kwamba sura ya nje haibadiliki mtu akivaa nguo, sauti haibadiliki, ndevu hazidondoki zote kesho yake. Madhara yapo, hamu ya tendo inashuka sana na joto la ghafla linamjia mwilini, na hilo nalisema wazi.
Kuhusu lazima, siungi mkono. PSA inaweza kupanda kwa uvimbe wa kawaida wa tezi, ambao si saratani, au kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Inaweza pia kuwa ya kawaida na saratani ipo, ndiyo maana kidole bado kina kazi. Hata Marekani mwaka 2012 jopo lao la kitaifa la kinga lilishauri isipimwe kwa kila mtu, na 2018 likalegeza, kwamba wenye miaka 55 hadi 69 wazungumze na daktari waamue. Lakini wale walikuwa na tatizo la kupima na kutibu kupita kiasi, sisi tatizo letu ni la upande mwingine. Kama baba au kaka yako aliugua, hatari yako ni takribani mara mbili. Wewe usingoje 50, anza mazungumzo ukiwa na 45 au kabla. Fundi, hili linakuhusu.

Fundi Bati
Nimesikia, daktari. Tuko wanaume wanne nyumbani.

Lori Tani Thelathini
Daktari kwa kuwa upo, niulize pembeni ya mada. Hizi dawa za presha zinaua nguvu za kiume, kweli si kweli? Maana mimi nilipewa, nikazitumia, nikaona mambo yamelala, nikaacha. Wenzangu wote barabarani wameacha. Tunatumia vumbi la Kongo, ule unga wa kuongeza nguvu, tunakwenda.

Chifu Kilosa
Sasa hapo ndipo penye mada! Sema, daktari.

Kijana wa Mbagala
Wakuu, tusitoke kwenye mada. Nilikuwa nauliza kuhusu kulazimisha vipimo.

Chifu Kilosa
Mada imeshajibiwa, daktari amesema hapana. Acha tujibiwe hili.

Daktari wa Wilaya
Baadhi zinaweza, hasa zile za kukojosha na zile za kupunguza mapigo ya moyo kama atenolol. Nyingine hazina tatizo hilo au ni dogo sana. Kwa hiyo ukiona mabadiliko unarudi unabadilishiwa, huachi. Na presha yenyewe ndiyo inaharibu mishipa inayopeleka damu kule. Kisukari hivyo hivyo. Mwanaume ambaye nguvu zimeanza kupungua bila sababu anatakiwa apimwe moyo na sukari kwanza, kwa sababu mishipa ya kule ni myembamba, inaonyesha dalili mapema kuliko ya moyo. Mnakwenda kununua unga stendi wakati mwili unawapigia kengele.
Mengi ya hayo maunga yanayouzwa kwa jina la mitishamba, wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wameyapima wakakuta yamechanganywa sildenafil, dawa ile ile ya mwaka 1998 iliyojulikana kama Viagra. Ukiwa unatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti ukachanganya na hiyo, presha inaweza kuporomoka ghafla ukafa. Tunasema watu wamefia gesti, tunacheka.

Lori Tani Thelathini
Mbona hakuna aliyeniambia wakati napewa zile dawa?

Nesi wa Zamu
Uliuliza?

Lori Tani Thelathini
Ningeulizaje? Dirishani kuna watu nyuma yangu, na anayetoa dawa ni mdada. Niseme mambo yangu yamelala?

Nesi wa Zamu
Ndiyo nilichosema mwanzo kabisa na hamkunijibu. Hakuna chumba, hakuna faragha, hakuna siku ya wanaume. Mwaka 2019 Bunge liliruhusu mtu ajipime VVU mwenyewe, kwa sababu ilionekana watu wanaogopa macho ya foleni. Kwa nini presha na sukari tusiwapelekee stendi, kwenye vijiwe, kwenye migodi ya Mirerani, jioni baada ya kazi? Mbona tohara ya kinga ya VVU mikoani tuliwafuata usiku na mahema, na walikuja?

Mtoto wa Tarime
Walikuja kwa sababu ni tohara. Hilo ni jambo la kiume. Leta hema la presha uone.

Kijana wa Mbagala
Basi Mtoto wa Tarime umekubali mwenyewe kwamba tatizo ni uanaume!

Mtoto wa Tarime
Nimekubali wapi? Usiniwekee maneno mdomoni. Nimesema watu wanakwenda panapowahusu.

Mama Kulwa
Lori, wewe kaka yangu achana na hawa. Utarudi lini hospitali?

Lori Tani Thelathini
Natoka Tunduma kesho, nikifika Dar nitakwenda Jumanne. Ila nitaulizia daktari wa kiume.

Mama Kulwa
Ukikuta ni wa kike?

Lori Tani Thelathini
Nitakwenda Jumatano.

Mama Kulwa
Chukua presha yako kwanza, mwambie huyo wa kike akupime mkono tu, mengine utamweleza wa kiume siku atakayokuwepo. Na hilo vumbi la Kongo liache leo, hujui lina nini ndani.

Chifu Kilosa
Daktari, bado upo? Zile dawa za presha ambazo hazina tatizo zinaitwaje majina?