Bili za hospitali kwa simu: nakubali, ila jina la kipimo libaki hospitali

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Tunajadili kama hospitali zetu, za serikali na za binafsi, ziache kupokea taslimu, mgonjwa alipe kwa simu, na mfumo wa malipo uunganishwe na faili lake. Wengi mmeunga mkono: risiti haipotei, fedha haiishii mfukoni mwa mtu, na Mfuko wa Huduma za Afya, yaani bima yetu ya afya Zanzibar, unaona madai ya hospitali bila makaratasi. Yote hayo nayakubali. Ninachokikataa ni faili kufunguliwa kwa ajili ya bili.

Fedha ya simu haiendi hospitali peke yake. Inapita kampuni ya simu, benki na mfumo wa makusanyo, na kila mmoja anabaki na kumbukumbu. Bili ikiandikwa "kipimo cha VVU" au "kliniki ya afya ya akili", maneno hayo yanabaki kote huko, pembeni ya laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Halafu ujumbe wa risiti unaingia kwenye simu ambayo majumbani kwetu mara nyingi si ya mtu mmoja. Mama anatumia ya mwanawe. Bibi anampa wakala simu na namba ya siri juu yake. Na visiwa vyetu ni vidogo jamani: wa Micheweni akitibiwa Chake Chake, huko huko Pemba, karani wa dirishani kama hamjui yeye basi anamjua shemeji yake.

Ndugu mmoja kasema tusihofu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na ilianza kutumika Mei 2023. Ipo, lakini tuisome mpaka mwisho. Kwa upande wa Zanzibar haihusu mambo yasiyo ya Muungano, na afya si jambo la Muungano. Benki na simu ni ya Muungano. Kwa hiyo bili ile ile, upande wa malipo unasimamiwa na Benki Kuu, upande wa matibabu na Wizara yetu ya Afya. Siri ikivuja katikati, mgonjwa akamshitaki nani, na kwa sheria ipi? Hili Baraza la Wawakilishi lilimalize kabla mkataba wowote haujasainiwa.

Napendekeza bili ibebe namba ya malipo, jina la hospitali na kiasi, basi. Ugonjwa, kipimo na dawa vibaki kwenye faili, vifunguliwe na anayetibu, na mfumo uandike kila aliyefungua na saa aliyofungua. Mhasibu hahitaji kujua mtu anaumwa nini ili ajue kama kalipa. Mfuko, ambao lazima uhakiki matibabu, upelekewe madai kwa njia yake, yakiwa yamefungwa kwa usimbaji (maandishi ya siri asiyoweza kuyasoma mtu mwingine), yasipite kwenye ujumbe wa simu.

Nanyi mnaotaka dirisha la taslimu lifungwe kabisa, nijibuni hili. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa miezi bila umeme wa gridi. Yakitokea tena, simu zimezima na mtandao hakuna, mjamzito anayefikishwa usiku atalipa kwa nini, na nani atakuwa na ruhusa ya kumpokea kabla hajalipa?