Seva imegoma kuwaka baada ya kuchomoa diski, msaada wagosi

Mgosi_Ngamiani: Wagosi habari zenu, nina seva ya Linux hapa stesheneri Ngamiani, diski ya nje nimeimaunti (nimeiunganisha na folda) kwa /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa mashine ikiwaka, jana umeme umekatika ukarudi, diski dogo kaichomoa, mashine ikakwama tu haiwaki. Halafu databesi inalia eti mafaili yaliyofunguliwa yamezidi, limiti nimeongeza limits.conf lakini wapi, ngoma ile ile.

Kaka_Raskazone: Ongeza nofail (mashine iendelee kuwaka hata diski haipo) kwenye mstari wa hiyo diski ndani ya fstab, na andika UUID (kitambulisho cha diski kisichohama) sio /dev/sdb1, hilo jina linahama ukichomeka flashi. Kuhusu databesi, limits.conf inasomwa na PAM (mfumo wa kuhakiki wanaoingia) mtu akilogin, huduma inayowashwa na systemd (programu inayowasha huduma za Linux) haipiti huko kabisa (hii ilinila wiki nzima). Piga systemctl edit na jina la huduma ya databesi, chini ya [Service] weka LimitNOFILE=65536 (kikomo cha mafaili yaliyofunguliwa), restati, kisha soma /proc/PID/limits (PID ni namba ya prosesi ya databesi) uone keneli, yaani kiini cha Linux, inasemaje.

Mgosi_Ngamiani: Ahsante kaka imekubali! Ila umount (amri ya kuitoa diski) inasema target is busy, eti bado inatumika

Binti_Chumbageni: Piga fuser -vm kwenye hiyo folda, itakuonyesha nani anaitumia. Mara nyingi ni wewe mwenyewe terminali yako umeiacha humo ndani 😂

Mgosi_Ngamiani: aisee ni mimi